Mzee, usikubali kila kiti: maelekezo ya fundi cherehani

Nimepima viuno vya wanaume wa Tanga kwa miaka 41, na karibu wote hunidanganya. Mteja anaingia, namzungushia futi, naye anavuta tumbo ndani kama anayetaka kupiga mbizi Raskazone. Nikitaja inchi 41 ananuna. "Fundi, mimi 36 tangu ujana wangu." Na kweli suruali aliyovaa ni 36, ila imefungwa chini ya kitambi, mkanda umejikunja kwa kuelemewa. Namshonea 36 yake, aende nayo.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nina miaka 67, duka langu liko Ngamiani, na muda mwingi wa maisha yangu nimeshonea cherehani ya miguu. Kisha watoto wakanifungia mota. Zawadi nzuri, nikawaombea dua. Tangu hapo kazi ya miguu yangu ikawa kubonyeza kidogo kwa kidole gumba, kutwa nzima. Miaka mitatu haikuisha nikawa nahema nikifunga kamba za viatu. Nilikwenda zahanati moja nikaambiwa "uzee tu huo, mzee wangu", nikarudi nimeridhika.

Aliyenishtua ni mama mmoja muuguzi ninayemshonea sare. "Fundi, mji mzima unaupima wewe. Wewe kakupima nani?" Nikacheka, yeye hakucheka. Kesho yake asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, akanitoboa kidole kupima sukari: 6.6. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, ukipimwa hujala na ikaja 7.0 kwenda juu, hicho ni kisukari, ingawa hurudiwa siku nyingine kuhakikisha. Kati ya 6.1 na 6.9 hujaingia ndani, lakini umeshapiga hodi. Presha yangu nayo 142 kwa 88. Ninayoandika hapa ndiyo niliyofanya tangu siku ile, nawaandikia wanaume wenzangu waliovuka 60.

Futi kwanza, mizani baadaye

Sahau namba ya suruali. Suruali hufungwa panapokaa, tumbo hupimwa lilipo. Vua shati. Tafuta kwa vidole mwisho wa mbavu ya chini ubavuni, kisha teremka hadi mfupa wa nyonga unapoanza. Katikati ya hapo ndipo futi inapopita, na kwa wengi wetu ni karibu na usawa wa kitovu. Simama, achanisha miguu kidogo, toa pumzi kama kawaida, usijibane. Futi iguse ngozi bila kuingia nyamani, na iwe usawa pande zote. Nyuma ndiko inakolala na kukuongopea, kwa hiyo jitazame kwenye kioo au mwite kijana aiweke sawa. Soma. Rudia mara ya pili.

Mwanaume akifika sentimita 94, yaani inchi 37, aanze kuangalia mambo yake. Akifika 102, inchi 40, jambo limekuwa kubwa. Mimi nilisoma inchi 43. Nikarudia mara nne nikidhani futi imevutika.

Mafuta yanayosumbua ni yale ya ndani, yanayozunguka ini na utumbo. Hayo ndiyo huifanya insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, ipige kelele mwili usisikie. Madaktari hutazama mambo matano pamoja: tumbo, presha, sukari, na aina mbili za mafuta ya damu, trigliseridi ikipanda na kolesteroli ile nzuri ikishuka. Ukiwa na matatu kati ya hayo matano, moyo na kongosho viko mashakani hata kama hujisikii kuumwa popote. Kwa hiyo siku ukienda kupima presha, omba na sukari na mafuta ya damu, usingoje kuambiwa.

Hesabu vifungo

Mzee yeyote ukimwuliza anakaa saa ngapi kwa siku atakwambia "si nyingi". Nami nilisema hivyo. Nikachukua makopo mawili ya vifungo, na kila nusu saa niliyoimaliza nimekaa nikahamisha kifungo kimoja. Dukani, mezani, barazani kwenye bao na kahawa, mbele ya runinga, vyote. Usingizi tu ndio sikuuhesabu. Usiku nikamwaga kopo: vifungo 23. Saa 11 na nusu.

Fanya hivyo siku tatu, kwa kokwa za tende au kete ukitaka, kabla hujabadilisha lolote. Utaona zinakoangukia. Zangu 15 ziliangukia dukani, ila zilizonishangaza ni zile za nyumbani. Mzee wa kwetu hakai, anakalishwa. Ukifika msibani kijana anakimbia na kiti. Nyumbani mjukuu analeta maji, analeta viatu, analeta rimoti iliyo hatua tatu kutoka ulipo. Mkwe akikuona umeshika ndoo anaona aibu yeye. Ni heshima, nami sitaki iondoke, lakini miguu haijui heshima. Inajua tu kwamba haijatumwa.

Msuli ukijikunja huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini isiposaidia sana, na misuli mikubwa kuliko yote iko mapajani na matakoni. Ukikaa, imelala. Jambo hili si geni. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha hesabu zao kuhusu mabasi ya ghorofa ya London: madereva, waliokaa kutwa, walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makonda waliopanda na kushuka ngazi. Basi lilelile, mmoja kakaa, mwingine anadai nauli. Ndiyo maana mzee anayetembea nusu saa asubuhi kisha akaketi hadi isha bado ana deni.

Kuinuka

Lengo langu ni kutopitisha nusu saa matako yakiwa kitini. Naamka dakika mbili, natembea, narudi. Dakika mbili zinaonekana mchezo, lakini watafiti wa Melbourne walitoa matokeo mwaka 2012 kwa watu wanene wa miaka 45 hadi 65: waliokatiza kukaa kwa dakika mbili za kutembea polepole kila dakika 20, sukari na insulini zao baada ya kunywa kinywaji chenye sukari na mafuta zilikuwa chini kuliko walipokaa moja kwa moja.

Usitegemee kukumbuka. Hutakumbuka. Panga vitu vikuamshe. Pasi niliihamishia mlango wa nyuma, kwa hiyo kila mshono unaotaka pasi unanipeleka huko. Mkasi mkubwa nimeutundika ukutani upande wa pili. Vitambaa nakata nimesimama. Simu ikiita, nasimama kabla ya kusema haloo. Bilauri ya maji nimechagua ndogo, ikiisha naifuata mtungini mwenyewe, na wajukuu wameshazoea kunitazama napita. Mota sasa ni ya mapazia na suti. Nguo nyingine nakanyaga. Vigimbi viliniuma wiki mbili, kisha vikakumbuka kazi yao.

Barazani kulikuwa kugumu, maana bao halichezwi mbiombio na muuza kahawa hutufuata tulipo. Tulikubaliana kwamba mchezo ukiisha wote tunasimama, na aliyefungwa anakwenda kuwanunulia kahawa kona ya pili. Wazee wawili walikataa katakata. Waacheni, kila mtu na tumbo lake.

Namna ya kuinuka nayo ina adabu yake. Ukiwa unatumia dawa za presha, au zile za tezi dume kama tamsulosini, damu inaweza kuchelewa kupanda kichwani ukisimama ghafla, hasa usiku unapokwenda kukojoa. Kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha nyayo juu na chini mara kumi, simama umeshika kitu, ndipo uondoke. Rafiki yangu mmoja alivunjika nyonga kwa haraka ya hatua nne.

Baada ya kula

Hapa ndipo nilipopata faida kubwa kwa jasho dogo. Sukari hupanda baada ya wali, ugali au chapati, na ukitembea wakati huo misuli inaipokea ikiwa njiani. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 kwa watu wa miaka 60 na zaidi: kutembea dakika 15 baada ya kila mlo kulishusha sukari ya baada ya chakula cha usiku kuliko kutembea dakika 45 kwa mkupuo mmoja. Sisi tunakula usiku kisha tunajilaza. Mimi sasa nikimaliza kula nazunguka barabara mbili tatu za Ngamiani, mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza ila hawezi kuimba. Tanga hakuna vilima vya kujisingizia. Baiskeli nayo inafaa, mji wenyewe ni wa baiskeli.

Vaa viatu. Wiki ya kwanza nilijitia ushujaa, nikaenda Raskazone na kurudi kwa kandambili, nikapata malengelenge yaliyoniweka kitini siku tano. Mwenye kisukari asithubutu: kagua nyayo kila jioni, na kidonda chochote kionwe mapema.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi azungumze kwanza na daktari, kwa sababu sukari yaweza kushuka mno. Awe na pipi au sukari mfukoni. Na kifua kikibana, au pumzi ikikata bila sababu, simama hapohapo utafute msaada.

Kiti kiwe chombo cha mazoezi

Kutembea peke yake hakurudishi nyama ya mapaja iliyoliwa na umri. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za kujishughulisha kiasi kwa wiki, nguvu za misuli angalau siku mbili, na kwa waliofika 65 mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha mwili siku tatu. Usiogope hesabu. Chukua kiti cha mbao kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa nusu ya mbele, nyayo chini, mikono umeikunja kifuani. Inama kidogo mbele, simama, kisha shuka polepole ukihesabu hadi tatu. Kwenye kushuka ndiko kuna kazi. Usijidondoshe. Mara tano, pumzika, tano tena. Goti likilalamika, weka mto kitini kupunguza kina, au jisaidie kwa mikono hadi uzoee. Kisha shika ukuta, panda kwa vidole vya miguu mara kumi, halafu simama kwa mguu mmoja kadiri uwezavyo. Nilianza na sekunde tatu.

Msikitini nilikuwa nimeshahamia kwenye kiti. Ibada si mazoezi, shehe wetu asinisute, lakini rakaa 17 za faradhi kwa siku ni kwenda chini na kuinuka kwingi, na nilikuwa nimeukosa huo wote kwa goti ambalo halikuwa bovu, lilikuwa limelala tu. Nilirudi sakafuni taratibu, alfajiri kwanza, kwa kuwa ni rakaa mbili. Mwenye ugonjwa wa kweli wa goti abaki kitini pake, ana ruhusa.

Nimefanya haya miezi minane. Vifungo viko 13 au 14 kwa siku. Sukari ya asubuhi mara ya mwisho 5.8, presha 132 kwa 82 pamoja na kidonge kimoja. Uzito umepungua kilo tatu tu, lakini tumbo ni inchi 40 na nusu. Suruali yangu ya kijivu nimeibana inchi mbili na nusu kwa nyuma. Kitambaa cha ziada sikukikata, nimekiacha ndani ya mshono, kwa sababu mwenye suruali namjua.