Una ofa ya chuo cha sheria Marekani: uanze mwaka huu au usubiri uaplai tena?

Mimi ni wakili huku Marekani, na kila ikikaribia mwezi wa nne simu zinaanza, vijana wetu wa Minneapolis, Columbus, Dallas, na wengine wenye digrii zao za Dar au Nairobi wanaotaka kuja kusoma JD (digrii ya sheria ya Marekani), na swali ni lile lile, dada nimepata chuo lakini sio kile nilichokitaka, niende au nisubiri mwakani? Huwa nawaambia hivi: kusubiri kuna maana kama unaweza kukitaja kwa jina kitu kitakachokuwa kimebadilika mwakani. Kama hakuna kitu, mwaka utapita na utarudi na fomu ile ile. Ndo tunavyoanza.

Hatua ya 1: toa namba zako kwanza

Kabla hujamuuliza mtu yeyote, andika GPA yako (wastani wa maksi zako za chuo) na alama yako ya LSAT kwenye karatasi (LSAT ni mtihani wa kuingia vyuo vya sheria, alama zinaanzia 120 mpaka 180). Alafu ingia kwenye tovuti ya kila chuo unachokitaka utafute ripoti yao ya 509, yani ripoti ya takwimu ambayo kila chuo kilichoidhinishwa na ABA (chama cha mawakili wa Marekani) lazima kiitoe kila mwaka. Mle ndani kuna namba tatu za LSAT na tatu za GPA, ya chini, ya katikati na ya juu. Ya katikati ndo ya kuikazia macho. Vyuo vinailinda ile namba kwa nguvu zote kwa hiyo ukiwa juu yake wanakutaka na watakulipia, ukiwa chini yake unaomba.

Kama digrii yako ni ya nje ya Marekani na Kanada, LSAC (shirika linaloendesha LSAT na kuandaa matokeo yako kwa ajili ya vyuo) hawakupi GPA ya namba, wanaandika tu kiwango cha jumla cha matokeo yako. Maana yake kwako LSAT ina uzito mkubwa zaidi.

Hatua ya 2: kipi kinaweza kubadilika?

GPA haibadiliki. Ukishapata digrii ya kwanza imefungwa, hata usome masta na upate A tupu haiingii kwenye hesabu ile, na wengi wanashangaa kugundua kwamba yale masomo ya kolej ya jamii waliyoyasoma wakiwa bado sekondari yamehesabiwa humo humo.

LSAT ndo inabadilika. Tangu Agosti 2024 ile sehemu ya michezo ya mantiki imetolewa, sasa hivi kuna sehemu mbili za kuchambua hoja na moja ya kusoma na kuelewa, na nyingine moja isiyohesabiwa ila huwezi kujua ni ipi. Kwa mtu aliyekulia Kiswahili nyumbani hii ni habari ya kufanyia kazi, kwa sababu kasi ya kusoma Kiingereza kigumu inajengeka ukisoma kila siku miezi sita au zaidi, haijengeki kwa wiki tatu. Una nafasi 5 ndani ya kipindi cha miaka mitano na 7 maisha yako yote, na vyuo vinaripoti alama yako ya juu kabisa, kwa hiyo kurudia hakukuharibii sana. Lakini jiulize kwa ukweli, ile alama uliyoipata inafanana na ulizokuwa unapata kwenye majaribio ya nyumbani? Kama ulikuwa unapata 162 ukaingia ukapata 155, subiri, namba zipo. Kama 155 ndo kawaida yako na ulishajiandaa vizuri, usijenge mwaka mzima juu ya matumaini.

Kingine kinachobadilika ni muda. Vyuo vingi vinafungua maombi mwezi wa tisa na vinajibu kadiri yanavyoingia, kwa hiyo aliyetuma mwezi wa pili anagombania viti na pesa zilizobaki. Kama wewe ulituma mwishoni mwishoni, kutuma mapema tu ni badiliko la kweli.

Hatua ya 3: soma barua ya skolashipi neno kwa neno

Hapa ndo nawasihi sana mtulie. Kijana ananiletea barua kwa furaha, dola 25,000 kila mwaka, familia imeshaambiwa, alafu chini kwenye aya ya tatu kumeandikwa skolashipi itaendelea kama atabaki kwenye theluthi ya juu ya darasa. Mwaka wa kwanza wa sheria maksi zinagawanywa kwa mkunjo, yani sio wote wanaweza kupata A hata wote wakisoma usiku na mchana. Piga hesabu: darasa la watu 100, watu 60 wamepewa skolashipi yenye sharti hilo, nafasi kwenye theluthi ya juu ni 33. Hata ikitokea wote 33 ni wenye skolashipi, watu 27 wanaipoteza, na wameshamaliza mwaka mmoja hawawezi kurudi nyuma. Ile ripoti ya 509 ina jedwali linaloonyesha wangapi waliingia na skolashipi za masharti na wangapi zilipunguzwa au kufutwa. Lisome kabla hujalipa dipoziti. Kama sharti ni kubaki tu mwanafunzi mwenye hadhi nzuri, yani usifeli, hiyo ni ofa ya kuheshimu.

Na usianze chuo ukisema nitahama mwaka wa pili. Kuhama kunahitaji uwe juu kabisa ya darasa, na skolashipi kwa kawaida inabaki ulikotoka.

Hatua ya 4: pesa

Kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa serikali wa Grad PLUS, uliokuwa unaziba gharama zilizobaki, haupo tena, na mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa sheria una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Vyuo vingi binafsi ada peke yake inapita hapo, bado kodi ya nyumba na chakula. Inayobaki unakopa benki, na benki inataka mdhamini mwenye krediti nzuri, sasa kwenye familia nyingi za wahamiaji huyo mdhamini ni nani? Ni mama anayefanya shifti mbili au mjomba mwenye nyumba moja. Mkopo wa serikali wenyewe ni kwa raia, wenye grinikadi na wachache wengine kama wakimbizi, mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, haupati. Kama pengo lako ni kubwa, mimi nasema subiri, fanya kazi, pandisha alama ya LSAT ushushe ada.

Hatua ya 5: omba kabla hujaamua

Tuma imeili ofisi ya udahili, kwa heshima na ufupi, waeleze umepata ofa ya chuo fulani kiasi fulani, uwaombe wapitie upya skolashipi yako na waondoe lile sharti. Wanazoea kuombwa, hawakunyang'anyi nafasi kwa kuuliza. Kama unataka kusubiri, uliza pia kama wanaweza kukuhifadhia kiti mwaka mmoja, na je skolashipi nayo inahifadhiwa, na je unakatazwa kuaplai kwingine. Majibu yote yawe kwa maandishi.

Wazazi waambie mapema, uwaonyeshe hizo hesabu za hatua ya 3 na ya 4. Mzee anayesema "mtoto wa fulani ameshaanza" akiona deni lililoandikwa kwa namba anaelewa haraka kuliko unavyodhani.

Ukiamua kusubiri: jiandikishe LSAT ya Juni au Agosti, insha ya maombi iandike upya kabisa kwa sababu chuo ulichoaplai wanayo ya zamani, walimu wa barua waombe wakati wa kiangazi, na fomu ziwe zimetumwa kabla ya Oktoba kuisha.