Kina cha maji usikipime kwa macho

Wazazi wenye watoto wanaopenda kuogelea mtoni au bwawani, hili tuwafundishe mapema. Maji masafi yana kina kikubwa kuliko yanavyoonekana ukiwa juu. Mwanga unaotoka chini unapinda unapoingia hewani, kwa sababu ndani ya maji unasafiri polepole zaidi. Jicho linauchukulia kama umekuja moja kwa moja, hivyo sakafu inaonekana imepanda.

Ukitazama wima kwenda chini, unaona takriban robo tatu tu ya kina chenyewe. Mtoto wa mita 1.4 anaona maji ya mita 1.2, anaruka akijua kichwa kitabaki nje. Kumbe ni mita 1.6! Na akitazama kwa kimshazari akiwa ukingoni, kama wengi tunavyofanya, yanaonekana mafupi zaidi ya hapo.

Mwonyeshe nyumbani. Weka sarafu ndani ya bakuli lisilopitisha mwanga, arudi nyuma mpaka ukingo wa bakuli uifiche, kisha mimina maji taratibu bila kuisogeza. Sarafu itajitokeza yenyewe, na hatasahau.

Mkifika majini, pima kwa fimbo ndefu. Ishushe wima mpaka iguse chini, itoe, halafu soma alama ya unyevu ikiwa nje, maana ikiwa ndani sehemu iliyozama nayo huonekana fupi. Pimeni sehemu kadhaa, kwani sakafu ya mto haiko sawa.