Kupika Nyumbani na Kuangalia Uzito: Anza na Dumu la Mafuta

Mtu akiamua kupunguza uzito, jambo la kwanza analolifanya aghalabu ni kuacha ugali wa usiku au kulala na kikombe cha chai tupu. Njaa humwamsha usiku, humchosha kazini, na baada ya wiki mbili hurudi kwenye sahani ileile aliyoikimbia, pengine akiijaza zaidi. Baada ya miaka mingi ya kupikia familia Dar es Salaam, nimeamini kwamba mahali pa kuanzia si sahani ya usiku bali ni dumu la mafuta lililo pembeni ya jiko, kwa kuwa mafuta ndiyo chakula kinachoingia mwilini kwa wingi bila ya mlaji kukihesabu.

Fanya hivi. Siku utakapofungua dumu jipya la lita tano, chukua kalamu ya wino mzito uandike ubavuni mwake tarehe ya siku hiyo, kisha upike kama ulivyozoea hadi liishe. Tuseme nyumba yako ina watu watano na dumu limemalizika kwa siku 30. Lita tano za mafuta zina uzito wa kilo nne na nusu hivi, na ukizigawa kwa watu hao na kwa siku hizo, kila mmoja amekula karibu gramu 30 za mafuta kwa siku, yaani zaidi ya vijiko viwili vya chakula. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4 tu. Kwa hiyo kila mtu amepata kalori 275 hivi kutoka kwenye dumu peke yake, mbali na mafuta yaliyomo katika nyama, nazi, karanga na maandazi ya kununua. Mwezi unaofuata ukipika kwa lita tatu badala ya tano, umemwondolea kila mtu kalori zipatazo 110 kwa siku, wala hakuna aliyenyimwa tonge.

Hapa niseme jambo linalowapotosha wengi. Mafuta ya alizeti, ya mawese, ya nazi, ya zeituni na hata samli yanatofautiana kwa namna yanavyogusa moyo na mishipa ya damu, na ni vizuri kuchagua ya alizeti au mengine ya majimaji badala ya yale yanayoganda, lakini kwa upande wa uzito hayapishani. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kati ya hayo kina kalori zinazokaribia 120. Anayemimina mafuta ya alizeti bila kipimo kwa sababu ameambiwa ni mazuri kwa afya atanenepa sawa na anayemimina mengine.

Basi kipimo ndicho kinachotakiwa. Usimimine tena kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye sufuria, maana mkono hauna mizani. Hamishia mafuta ya wiki kwenye chupa ndogo, uweke kijiko kimoja cha chakula kando yake ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine. Kwa mchuzi wa watu watano, vijiko viwili vinatosha kabisa. Tumia sufuria nzito, uipashe moto wa wastani, utie vijiko viwili vya mafuta na vitunguu vilivyokatwa vyembamba, unyunyize chumvi kidogo ili vitoe maji, kisha ufunike. Vitunguu vitaiva kwa mvuke wake. Vikianza kushika chini, usiongeze mafuta bali nyunyiza maji vijiko viwili au vitatu, ukwangue kwa mwiko ile rangi ya kahawia iliyoganda, ufunike tena. Rudia hivyo mara tatu au nne hadi vilainike na kuwa na rangi ya asali, ndipo utie tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na baadaye nyanya zilizokunwa. Mpishi aliyezoea kuona mafuta yakielea juu ya rojo, akiyachukulia kuwa ndiyo alama ya mchuzi ulioiva, atahisi mwanzoni kwamba kuna kitu kimepungua. Aonje kabla ya kuamua. Ladha imetoka kwenye kitunguu kilichokaangwa taratibu na kwenye viungo, na uzito wa rojo umetoka kwenye nyanya zilizopikwa hadi zikapondeka.

Mboga za majani hazihitaji hata hayo. Mchicha, matembele au majani ya maboga kwa familia nzima hupikika kwa kijiko kimoja cha mafuta, pamoja na kitunguu na nyanya, bila kuongeza maji, kwa dakika chache tu ili yasipoteze rangi. Usiyaondoe mafuta kabisa, kwani mwili unayahitaji kidogo ili kufyonza kile kilichomo katika majani hayo ambacho hugeuka kuwa vitamini A. Ukipenda kuunga kwa nazi au karanga, basi hiyo nazi au karanga ndiyo mafuta yenyewe, usitie mengine. Kwa maharage na kisamvu vya nazi, chemsha kwa tui jepesi hadi viive, halafu malizia kwa tui zito la vijiko vichache. Harufu ya nazi itabaki vilevile, kwa kuwa tui zito lililotiwa mwishoni halijachemka likapoteza harufu yake.

Kuhusu ugali na wali, sioni sababu ya mtu kuviacha. Tatizo ni kwamba tunapika kwa macho na tunakula kwenye sinia, ambapo hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mizani ndogo ya jikoni itakusaidia hapa kuliko ushauri wowote. Gramu 100 za unga wa mahindi au za mchele mkavu zina kalori 360 hivi, na maji ya kupikia hayaongezi kitu. Watu wanne wakimaliza wali wa kilo moja, kila mmoja amekula gramu 250 za mchele, ambazo ni kama kalori 900 kabla ya mafuta, nazi na mchuzi. Kwa mtu mzima asiyefanya kazi ngumu ya mikono hicho ni kiasi kikubwa sana kwa mlo mmoja. Pima gramu 120 hadi 150 kwa kila mtu mzima, upike kiasi hicho tu, na pakua kwenye sahani, kila mtu na yake, mboga zikitangulia na kujaza nusu ya sahani, kitoweo robo, na ugali au wali robo iliyobaki. Siku ya sinia, kama ya wageni au ya Ijumaa, pika kwa kipimo kilekile cha mchele na uongeze kachumbari na mboga ziwe nyingi. Unga wa dona una nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini havikuondolewa, kwa hiyo hushibisha kwa muda mrefu zaidi, ingawa kalori zake hazipungui sana.

Haya yote yanaamuliwa sokoni kabla ya kufika jikoni. Kilichomo ndani ya nyumba kitaliwa, na kisichonunuliwa hakitaliwa. Nenda sokoni ukiwa umekula, ukiwa na orodha, na ukiwa umeigawa pesa kabla ya kutoka. Watu wengi hununua kwanza mchele, unga, sukari na mafuta, halafu chenji inayobaki ndiyo inayokwenda kwenye mboga na matunda. Geuza mpangilio huo. Toa kwanza pesa ya maharage, choroko au kunde za wiki, ya dagaa au samaki, na ya mboga na matunda, ndipo ununue nafaka, na mafuta yawe ya mwisho. Ukienda Ilala, Buguruni au Mabibo mara moja kwa wiki, nunua vinavyokaa, yaani vitunguu, karoti, kabichi, maboga, viazi vitamu, ndimu na matunda mabichi kidogo yatakayoiva nyumbani. Majani nunua kwenye genge la mtaani siku ya kuyapika, asubuhi au jioni yanapoletwa, uangalie shina likivunjika kwa mlio na majani yasiwe yamelala. Kumbuka mafungu mawili ya mchicha yakiingia motoni hubaki kiganja kimoja, kwa hiyo kwa watu watano usinunue chini ya mafungu manne au matano. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na kiasi hicho hakifikiwi kwa fungu moja linalozunguka meza nzima.

Dagaa wakavu ni kitoweo ninachokipendekeza kwa moyo wote, kwa kuwa wana protini nyingi, wanahifadhika, na kiasi kidogo kinatosha. Nusa kabla ya kununua. Harufu ya samaki mkavu ni sawa, lakini harufu ya mafuta yaliyochacha ni ishara ya dagaa wa siku nyingi. Nyumbani watoe vichwa, uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu hadi mchanga uishe, kisha uwakaushe kwenye kikaango kikavu kabla ya kuwaunga kwa nyanya, badala ya kuwazamisha kwenye mafuta.

Ukiingia supamaketi, geuza pakiti usome safu ya gramu 100, maana kipimo cha mlo mmoja kilichoandikwa huwa kidogo kuliko kile mtu anachokula. Mtindi wenye ladha ya matunda, juisi za boksi na nafaka za kifungua kinywa hubeba sukari ambayo mnunuzi hakuitarajia.

Sukari ya chai nayo ihesabiwe. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu nne hivi, na anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekula karibu gramu 48, ambazo ni kalori 190 zisizoshibisha. Usikate ghafla. Punguza nusu kijiko kila wiki, na uchemshe chai kwa tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai, kwa maana viungo hivyo huufanya ulimi usidai utamu mwingi. Baada ya mwezi mmoja na nusu, chai uliyokuwa ukiinywa zamani itakuchefua.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, kabla ya kula na baada ya kutoka msalani, uandike namba kwenye daftari. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Tumia pia utepe wa fundi cherehani kupima kiuno usawa wa kitovu, na ulinganishe na kimo chako: kiuno kikizidi nusu ya kimo, mafuta ya tumboni yamekuwa mengi hata kama mizani inaonyesha namba ya kuridhisha. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto anayekua, na mtu anayetumia dawa za kisukari au shinikizo la damu asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na mhudumu wake wa afya, hasa mwenye kisukari, kwani dawa ileile pamoja na chakula kidogo inaweza kushusha sukari ya damu hadi kiwango cha hatari.

Wiki nne zikipita na namba haijasogea, usikimbilie kuruka milo. Soma tarehe iliyo kwenye dumu uone kama kweli limedumu zaidi kuliko la kwanza. Kama limedumu, basi chakula kinachoongeza uzito kinaliwa nje ya nyumba, na kwa siku saba andika kila kitu kinachopita mdomoni kabla ya kufika nyumbani: maandazi mawili ya saa nne, soda ya mchana, chipsi za njiani, karanga za kwenye daladala. Chagua kimoja kati ya hivyo, kile kinachojirudia zaidi, na mahali pake beba kutoka nyumbani ndizi, kiazi kitamu cha kuchemsha au mayai mawili.