Somo: Kutoka meza ya studio hadi saiti, namna ya kufanya mradi wa usanifu na kuutumia kupata fildi

Somo hili ni la wadogo zangu wa kikundi chetu wanaosoma ubunifu majengo, hasa mwaka wa pili na wa tatu, mnaoandaa mradi wa studio huku mkitafuta nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Kila likizo ndefu ofisini kwetu Dar es Salaam tunapokea wanafunzi. Vipaji vipo, tena vingi. Shida ninayoiona ni kwamba wengi wanachora picha ya jengo, wakati mchoro ni maagizo kwa mtu atakayesimama juani na mwiko mkononi. Ukilishika hilo mapema, studio na fildi zinakuwa kazi moja.

Hatua ya 1: Kaa na kiwanja

Nenda kiwanjani asubuhi, kisha urudi saa kumi alasiri. Pima kwa tepu hata kama umepewa ramani ya upimaji. Andika miti ilipo, dirisha la jirani linatazama wapi, gari litaingilia wapi. Halafu waulize majirani: masika maji yanafika wapi? Mara nyingi watakuonyesha alama ukutani, na hiyo alama ndiyo itakayokuambia sakafu yako ianzie kimo gani.

Jua lihesabu, usilikisie. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, jua liko upande wa kaskazini kwenye kimo cha nyuzi 60 hivi. Desemba limehamia kusini na liko juu zaidi, nyuzi 73 hivi. Sasa chukua dirisha lenye urefu wa mita 1.2 kwenda juu, ukalitilia zege linalotokeza usawa wa lenta, yaani bimu inayopita juu ya dirisha. Dirisha la kaskazini likingwe jua la saa sita Juni, zege litokeze kama sentimita 70. La kusini, Desemba, sentimita 37 zinatosha. Geukia magharibi: saa kumi na moja jioni jua limeshuka chini ya nyuzi 30, na dirisha lile lile litataka zege la zaidi ya mita 2. Hakuna mteja atakayekubali hilo. Kwa hiyo upande wa magharibi weka ngazi, stoo, choo au ukuta wenye matundu madogo, na vyumba vya kulala vielekee kaskazini na kusini.

Hesabu hii ni ya dakika chache kwa kalkuleta ya simu: urefu wa dirisha gawanya kwa tanjenti ya kimo cha jua. Mwanafunzi akiiweka kwenye bango lake la kriti, yaani siku ya kutetea mradi mbele ya walimu, maswali yote ya "kwa nini umeelekeza jengo hivi?" yamejibiwa.

Upepo nao una ratiba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kama Desemba hadi Machi, wakati joto la pwani limepamba moto. Kusi hutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakifaidi sana upepo. Unahitaji pa kuingilia na pa kutokea.

Hatua ya 2: Wazo moja, lishike

Hapa sitakaa sana, walimu wenu wanawafundisha vizuri. Niseme tu kwamba wazo zuri linafanya kazi zaidi ya moja. Litazame Soko la Kariakoo la Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Miavuli ile mikubwa ya zege inatoa kivuli, inaacha hewa ya moto itoke juu, na inakusanya maji ya mvua. Moto wa Julai 2021 uliliumiza sana soko lile, lakini michoro na picha zake bado ni darasa. Kila ukiongeza kitu kwenye mradi wako, jiulize kinafanya kazi gani ya pili.

Hatua ya 3: Sekisheni na ngazi

Hapa ndipo miradi mingi inapofia, kwa hiyo tulia nami.

Plani, yaani jengo linavyoonekana kutoka juu, inaweza kuficha mambo mengi. Sekisheni, yaani jengo lililokatwa wima ukaona ndani, haifichi. Ianze mapema, siku ile ile unayoanza plani, tena kwa mkono. Chora ardhi ilivyo kweli, na mteremko wake. Chora unene wa slabu (sakafu ya zege), bimu iliyo chini yake, dari, halafu chora mtu amesimama.

Ngazi tuifanye pamoja. Tuseme kutoka sakafu hadi sakafu ni milimita 3150. Ukigawa kwa 175 unapata vipandio 18, kila kimoja kikiwa na kimo cha milimita 175. Upana wa kukanyagia uwe milimita 280. Kanuni ya wabunifu inasema vimo viwili jumlisha upana wa kukanyagia vikae kati ya milimita 600 na 640 hivi: 175 mara 2 ni 350, ongeza 280, jibu 630. Mguu utakubali. Ngazi ikiwa ya kukunja mara moja, kila upande una vimo 9, maana yake sehemu za kukanyagia 8, kwa sababu ya tisa ni sakafu yenyewe au pumziko. Mara 280 ni milimita 2240. Ongeza pumziko la 1200. Tayari unahitaji urefu wa milimita 3440 kabla hujaweka nafasi ya kusimama pale chini unapoanza kupanda. Sasa fungua plani yako uone umeiachia ngazi nafasi kiasi gani. Wengi huwa wameacha mita 2 na nusu.

Njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu ni vivyo hivyo: kwa uwiano wa 1 kwa 12, kupanda milimita 600 kunadai mita 7.2 bila kuhesabu pumziko. Haiingii kwenye kona iliyobaki. Ipange tangu siku ya kwanza.

Jambo jingine ni tofali. Kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali la block, pamoja na udongo wake wa saruji, inakaribia milimita 240 hadi 250. Ukichora chini ya dirisha kwa kimo kisichoangukia kwenye kozi, fundi atakata tofali mstari mzima au atakisia. Akikisia, dirisha lako limehama.

Kama jirani hakuna mfereji wa maji taka wa mji, onyesha shimo liko wapi na gari la kunyonya litalifikiaje. Nimeona miradi mizuri ambayo shimo limefungiwa nyuma ya jengo, pasipopita hata mkokoteni.

Hatua ya 4: Kriti

Tundika sekisheni katikati, plani pembeni. Anza na kiwanja, maliza na jengo. Mwombe mwenzako aandike maoni yote wakati unaongea, maana ukiwa umesimama mbele husikii nusu yake. Lala kwanza, ndipo uyasome.

Hatua ya 5: Potifolio na kuomba nafasi

Potifolio ni mkusanyiko wa kazi zako, na miradi mitatu inatosha kwa mwanafunzi. Kwa kila mradi weka picha ya kiwanja, michoro miwili mitatu ya mkono inayoonyesha ulivyobadili mawazo, plani moja, sekisheni moja yenye vipimo, na mchoro mmoja mkubwa wa kiungo, mfano paa linapokutana na ukuta kwa skeli ya 1:10. Picha ya kompyuta yenye machweo na magari ya kifahari iwe moja tu, au isiwepo kabisa. Anayekuchagua anatafuta mtu wa kumsaidia kuchora Jumatatu asubuhi.

Faili liwe dogo, lifunguke kwenye simu. Barua iwe fupi: jina, chuo, mwaka, tarehe za fildi, programu unazozimudu kweli. Kisha peleka nakala kwa miguu. Ofisi nyingi ni ndogo, na mwenye ofisi huwa anaonana na mtu aliyefika kwa adabu.

Hatua ya 6: Saiti

Ukipata ofisi, omba uende saiti hata mara moja kwa wiki. Vaa buti na helmeti, beba tepu, daftari na kalamu ya risasi (ya wino hukataa kuandika kwenye vumbi). Ukifika, msalimie foremani kwanza, halafu mafundi. Shikamoo inafungua milango ambayo barua ya utambulisho haifungui.

Siku ya kumwaga slabu ndiyo usiikose. Fika kabla ya zege. Tazama nondo: ni milimita ngapi, zimepishana umbali gani, zinalingana na mchoro wa mhandisi? Angalia vibiskuti vya zege vinavyoziinua kutoka kwenye mbao. Visipokuwepo, nondo zitalala chini, zege halitazifunika, na baada ya miaka michache ya hewa ya bahari kutu itapasua dari. Angalia mabomba ya umeme na ya maji yanapita wapi. Mara nyingi utakuta bomba la choo linataka kupita palepale mhandisi alipoweka bimu, na hapo utajua kwa nini plani za ghorofa zinapaswa kuwekwa moja juu ya nyingine kabla ya kitu chochote.

Zege likianza kumwagwa utaona wakijaza viboksi vya chuma vya milimita 150. Hizo ni kyubu za majaribio, huvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu. Rudi kesho yake uone kama slabu inamwagiwa maji. Andika yote, chora kwa mkono, na mwisho wa siku msomee msimamizi wako dakika tano. Daftari la namna hiyo lina thamani kuliko kitabu cha fildi kilichojazwa usiku wa kuamkia kukabidhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwaka wa pili, Mbeya: Shikamoo kaka. Kompyuta yangu ni dhaifu, programu kubwa zinagoma. Nitapata fildi kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Utapata. Jifunze kuchora plani na sekisheni za vipimo viwili vizuri, kompyuta dhaifu inaziweza. Modeli tengeneza kwa kadibodi, zipige picha nje kwenye jua la asubuhi. Mimi binafsi nikiona modeli ya mkono iliyokatwa kwa usafi, namwita mwenyewe aje tuongee.

Mwanachama, Nairobi: Habari mwalimu. Niko atachimenti (fildi) ofisi moja hapa. Tangu nifike nachora orodha ya milango na madirisha pekee. Nahisi napoteza wakati wangu.

Jibu: Njema sana. Usiidharau hiyo kazi. Orodha ya milango inapita kwenye kila chumba cha jengo. Uliza kwa kila mlango: unafungukia ndani au nje, na kwa nini? Ukifunguka unagonga swichi au kitanda? Fremu inakaa kwenye ukuta wa unene gani? Wa choo cha watu wenye ulemavu una upana wa kutosha? Ukimaliza, mpelekee msimamizi orodha pamoja na makosa uliyoyakuta kwenye plani. Kwa uzoefu wangu, anayefanya hivyo wiki inayofuata hupewa chumba kizima akichore. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, omba waziwazi siku moja ya saiti.

Mwanachama, Unguja: Assalaam aleykum ndugu. Mradi wetu ni nyumba ya wageni Mji Mkongwe, ndani ya jengo la zamani. Mwalimu amekataa ukumbi wangu wa mita 6 bila nguzo. Kwa nini?

Jibu: Waaleykum salaam. Mwalimu wako yuko sahihi, na nyumba yenyewe inakujibu. Sakafu zile zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, mita 3 hivi au pungufu. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Ukivunja ukuta kupata mita 6 umeondoa kinachobeba ghorofa ya juu. Tumia vyumba viwili vyembamba vilivyounganishwa kwa matao, na ukumbi mkubwa uupate uani. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, basi plasta iwe ya chokaa pia. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, ukuta unamomonyoka. Mji ule uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo kwenye mradi onyesha pia utakachokiacha bila kukigusa.

Mwaka wa tatu, Dar es Salaam: Shikamoo kaka. Mimi ni binti. Saiti niliyopangiwa mafundi wananiita "mrembo" na hawanijibu ninachouliza.

Jibu: Marahaba. Pole, na huna sababu ya kulivumilia hilo. Mwambie msimamizi wako aende nawe, akutambulishe kwa jina na kazi yako mbele ya wote, na maelezo ya ofisi yapitie kwako. Wewe uliza maswali ya vipimo ukiwa na mchoro mkononi: "Hapa mchoro unasema 225, nimepima 190, tunafanyaje?" Likigeuka kuwa matusi au kushikwa, ondoka saiti siku hiyo hiyo, toa taarifa ofisini na chuoni kwa maandishi. Ofisi isiyokulinda haikustahili.

Mwanachama, Dodoma: Mjomba wangu anataka nimchoree nyumba ya ghorofa moja, anasema mimi tayari ni mbunifu. Naruhusiwa kugonga muhuri?

Jibu: Hapana. Tanzania Bara jina la mbunifu majengo linalindwa na Sheria namba 4 ya mwaka 2010, na anayelitumia ni aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mwambie mjomba kwa heshima kwamba utaandaa mawazo ya awali, halafu mtamtafuta mbunifu aliyesajiliwa asimamie, na mhandisi afanye hesabu za slabu. Kibali cha ujenzi kitaombwa kwa michoro yao. Omba ukae nao kazi hiyo ikifanyika, utajifunza mengi kuliko ungeichora peke yako.

Mwaka wa kwanza, Mwanza: Kaka, sekisheni nikate wapi? Kila nikikata naambiwa si mahali pake.

Jibu: Pitisha mstari kwenye ngazi, kwenye choo kimoja, na mahali ardhi inaposhuka zaidi. Kwa Mwanza na miamba yenu, kata pale jengo linapolikuta jiwe. Kama mstari mmoja haufiki kote huko, kata sekisheni mbili.