Kompyuta Mpakato Isipowaka: Mahali pa Kuanzia

Kabla ya kuifungua kompyuta mpakato isiyowaka, hakikisha kwamba soketi ya ukutani ina umeme, kwa kuchomeka hapo chaja ya simu, kisha tazama kama taa ya chaji ya kompyuta inawaka. Isipowaka, jaribu chaja nyingine ambayo volti zake, zilizoandikwa kwenye kibandiko, ni sawa na za ile ya awali, na ambayo ampea zake hazipungui. Chaja isiyo na maandishi hayo ni afadhali ibaki dukani.

Ikiwa chaja ni nzima, ichomoe, toa betri kama inatoka, na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliosalia ndani uishe, kisha rudisha chaja na uwashe. Hatua hii hudharauliwa, ingawa mara nyingi ndiyo inayotosha.

Feni ikizunguka huku kioo kikibaki cheusi, unganisha skrini ya nje: picha ikionekana huko, tatizo liko kwenye kioo au waya wake, isipoonekana, huenda RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imelegea.

Betri iliyovimba isichajiwe wala isitobolewe. Ipelekwe kwa fundi.