Somo: Namna ya kupima stori za wanaanga "waliofia angani kwa siri"

Wakuu, ile sauti ya mwanamke anayelia kwa Kirusi kwamba anaungua imeanza tena kuzunguka kwenye simu, na maelezo ni yale yale: Wasovieti walirusha watu kabla ya Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, wakafa, majina yakafutwa. Nawapa utaratibu ninaoutumia mimi. Tuichukue sauti hiyo iwe zoezi.

Hatua ya 1: Anza na tarehe. Sauti ilitolewa na ndugu wawili wa Italia, Achille na Giovanni Judica-Cordiglia, waliokuwa na kituo chao cha kunasia redio, Torre Bert, huko Torino. Mara nyingi hutajwa kuwa ya Mei 1961. Sasa linganisha: kikosi cha kwanza cha wanaanga wa Kisovieti, wanaume 20, kiliundwa 1960. Wanawake watano, akiwemo Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kufika angani, waliingizwa 1962. Huyo mama wa 1961 alitoka kikosi gani? Ledovsky, Shaborin na Mitkov, wengine wanaotajwa kwenye stori hizi, nao wanadaiwa kufa kati ya 1957 na 1959, kikosi chenyewe hakijazaliwa.

Hatua ya 2: Sikiliza kama mtu wa redio. Gagarin aliitwa "Kedr" hewani, Tereshkova "Chaika", kituo cha ardhini "Zarya". Kwenye rekodi ile mtu analalamika mwanzo mwisho bila jina la mwito hata moja, na wajuao Kirusi wameonyesha makosa ambayo mzaliwa wa lugha hayafanyi.

Hatua ya 3: Nani mwingine angesikia? Gagarin aliporuka tarehe 12 Aprili 1961, Wamarekani walinasa picha za televisheni kutoka kwenye chombo chake kabla hajatua, na safari nzima ilikuwa ya dakika 108 tu. Adui mwenye masikio hayo angeukalia kimya msiba wa Moscow? Angeutangaza asubuhi na mapema.

Hatua ya 4: Tenganisha uzushi na siri za kweli. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana siri zilikuwepo, tena nzito.

Valentin Bondarenko, mdogo kuliko wote kikosini, alikuwa na miaka 24. Tarehe 23 Machi 1961 alikuwa amefungiwa peke yake kwenye chumba cha majaribio chenye oksijeni nyingi kupita kawaida. Alibandua vipimo mwilini, akajifuta ngozi kwa pamba yenye spiriti, akaitupa. Pamba ikaangukia jiko la umeme. Katika hewa ile moto haukuhitaji kuchochewa, na mlango haukufunguka upesi kwa sababu ya tofauti ya mgandamizo wa ndani na nje. Alifariki hospitalini saa kadhaa baadaye. Siku 20 baada ya hapo Gagarin akaruka, na umma wa Kisovieti haukuelezwa habari za Bondarenko hadi gazeti la Izvestia lilipoziandika 1986.

Mwenzake, Grigori Nelyubov, alifukuzwa kikosini 1963, akagongwa na treni 1966. Kwenye picha ya pamoja walimfuta. Waliokuja kulinganisha matoleo mawili ya picha hiyo wakaona pengo, na tetesi zikapata chakula cha miaka mingi. Kwa maoni yangu wafutaji picha ndio waliolea porojo hizi kuliko ndugu wa Torino.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, na ule mlipuko uliofichwa wa Baikonur, kituo cha Wasovieti cha kurushia roketi?
Jibu: Ni kweli, mkuu. Tarehe 24 Oktoba 1960 kombora la R-16 liliwaka likiwa bado kwenye jukwaa lake, likaua makumi ya watu, pamoja na Jemadari Mitrofan Nedelin. Taifa liliambiwa amekufa kwa ajali ya ndege. Ila lilikuwa kombora la kijeshi, halikubeba mwanaanga.

Swali: Nimesoma kwamba mmoja alipotelea mbali kabisa angani. Inawezekana?
Jibu: Kwa roketi ya Vostok, ile iliyombeba Gagarin, hapana. Kuzunguka dunia karibu kunataka kama kilomita 8 kwa sekunde. Kuihama kunataka 11.2. Roketi ile haikuwa na nguvu ya kukipa chombo hicho kasi hiyo.

Swali: Mbona wanasema kuna "mtu" aliruka Machi 1961 na alisikika akiimba?
Jibu: Huyo ni Ivan Ivanovich, sanamu, aliruka mara mbili mwezi huo. Kupima redio walipiga rekodi ya kwaya, ili atakayeinasa asidhani ni mtu mmoja yuko juu. Ndani ya kofia yake waliandika "MAKET", yaani sanamu, asije akawatisha wanakijiji.

Swali: Na yule mbwa Laika, mkuu?
Jibu: Hapo walidanganya. Alirushwa Novemba 1957, wakasema aliishi siku kadhaa. Mwaka 2002 mwanasayansi wa Kirusi alieleza kwamba joto lilimuua saa chache tu baada ya kuruka. Mpango wa kumrudisha haukuwepo tangu mwanzo.