Somo: Kushughulikia tangazo la usalama kuhusu sasipensheni ya gari lililotumika Japani

Ndugu wanachama, magari mengi yanayotembea katika barabara za Uganda yalitumiwa kwanza Japani, yakashushwa Mombasa, yakavuka mpaka wa Malaba au Busia, na kusajiliwa kwa jina la mtu ambaye kiwanda hakimjui kabisa. Kiwanda kinapogundua kasoro ya hatari na kutangaza kwamba magari ya aina fulani yarejeshwe kwa matengenezo, barua huandikiwa mmiliki aliyemo katika kumbukumbu zake, na barua hiyo haitafika Kampala wala Lira. Ni juu yetu kulitafuta tangazo. Nimechagua sasipensheni, yaani mikono, springi na viungo vinavyoshikilia magurudumu kwenye gari, kwa sababu mkono wa gurudumu ukiachana na gari likiwa mwendoni, gurudumu hupinda na usukani haumsaidii dereva.

Hatua ya kwanza ni kupata nambari ya chesisi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina nambari ya tarakimu na herufi 17. Lina msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu, kwa mfano ACA31W au NZE121 ikifuatwa na nambari ya gari lenyewe. Itafute kwenye kibati kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, uilinganishe na kitabu cha gari, kisha uipige picha. Ikiwa hazilingani, simama hapo kwanza, maana hilo ni tatizo kubwa kuliko sasipensheni.

Hatua ya pili ni kutafuta. Kwa gari la Japani, ingia katika tovuti ya Kijapani ya kiwanda kilicholitengeneza, kwenye ukurasa wa matangazo ya usalama, uandike nambari ya chesisi. Simu nyingi sasa hutafsiri ukurasa huo vya kutosha kueleweka. Wizara ya Japani inayosimamia ardhi, miundombinu na uchukuzi nayo huweka orodha ya matangazo yote. Tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ambayo wengi huikimbilia, inahitaji nambari ya 17 na kwa hiyo haifai kwa gari la Japani. Hata kwa gari la Marekani, huonyesha matengenezo ambayo hayajafanywa tu, na kwa kawaida haionyeshi matangazo yaliyozidi miaka 15, umri ambao magari yetu mengi yameukaribia au kuupita.

Hatua ya tatu, ambayo watu huiruka, ni kulisoma tangazo lenyewe hadi mwisho. Linataja kipuri gani, magari ya tarehe zipi za kutengenezwa, na tiba ni ipi: kukagua, kukaza au kubadilisha. Mfano unaotuhusu ni wa RAV4, gari la Toyota. Mwaka 2012 Toyota ilitangaza nchini Marekani kwamba zirejeshwe kwa matengenezo RAV4 za 2006 hadi 2011 pamoja na Lexus HS 250h ya 2010, takriban magari 780,000, kwa sababu ya mikono ya sasipensheni ya nyuma. Nati za mkono huo zisipokazwa inavyotakiwa baada ya kurekebisha alaimenti, yaani mlalo wa magurudumu, nyuzi za skrubu huanza kucheza, hushika kutu, na mkono huweza kuachana. Mwaka 2013 ilitangazwa tena kwamba magari hayo yarejeshwe, kwa kuwa baadhi hayakuwa yametengenezwa ipasavyo mara ya kwanza. Tazameni uzito wa jambo hili: hatari inaweza kuingizwa na gereji yoyote inayofanya alaimenti bila kukaza nati, na hapa kwetu mashimo ya barabarani hutulazimisha kufanya alaimenti mara kwa mara.

Hatua ya nne ni kumwendea wakala rasmi wa kampuni hiyo nchini, ukiwa na picha ya kibati, nakala ya kitabu cha gari na tangazo lililochapwa. Uliza kabla ya kazi kuanza kama anatekeleza tangazo la gari lililouzwa mara ya kwanza nje ya Uganda, na ni nani atakayelipia kipuri na ufundi. Omba jibu la maandishi.

Akikataa, nunua kipuri kipya kwa nambari yake, umpe fundi unayemwamini. Simama naye kwenye mambo mawili. Nati za kujifunga zenyewe zisirudishwe zikishafunguliwa, ziwekwe mpya. Na boliti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, la sivyo bushi hubaki imejipinda na kupasuka mapema. Kisha alaimenti ifanyike, na risiti itunzwe pamoja na kitabu cha gari.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Arua: Mwalimu, muuzaji wa bondi, yadi ya magari yaliyoagizwa, aliniambia gari lilikaguliwa Japani kwa utaratibu wa UNBS, shirika la viwango la Uganda. Je, hiyo haitoshi?

Jibu: Ndugu yangu, ukaguzi huo hutazama hali ya gari siku hiyo. Kasoro ya kiwandani inaweza isionekane kwa macho, na tangazo linaweza kutoka miaka miwili baada ya gari kufika. Tafuta kwa nambari, na urudie kila mwaka.

Mwanachama kutoka Mbale: Fundi wangu alichomelea mkono uliopasuka, na gari linakwenda vizuri. Niuache?

Jibu: Usiuache, tafadhali. Moto wa kuchomelea hubadilisha nguvu ya chuma pembeni mwa kiungo, na mpasuko wa pili huanzia hapo. Badilisha mkono mzima.

Mwanachama kutoka Kampala: Kwenye soko la vipuri la Kisekka kuna mikono iliyotumika, bei nafuu sana.

Jibu: Mkono uliotumika unaweza kuwa umetoka kwenye gari lilelile lililotangazwa. Kwa kipuri kilichotajwa katika tangazo, nunua kipya chenye nambari ya toleo lililorekebishwa na kiwanda.

Mwanachama kutoka Busia: Mzee, mimi naendesha taksi ya abiria 14. Kipuri nimeagiza, bado hakijafika. Niendelee na kazi?

Jibu: Mwanangu, gari likitoa mlio wa kugonga chini yake, likivuta upande mmoja, au tairi likilika upande wa ndani, liegeshe leo, na libebwe na lori hadi gereji. Kama hakuna dalili na tangazo halikatazi kuendesha, fundi akague nati na boljointi (kiungo cha mviringo cha mkono wa gurudumu) kabla hujaliwasha tena, na tajiri wako, mwenye gari, ajulishwe kwa maandishi. Tangazo likisema gari lisiendeshwe, abiria hata mmoja asipande.